Leseni na Ithibati za Masaji na Urembo wa Ngozi Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni masaji, na kwa miaka kadhaa nimesimamia wanafunzi kwenye klinika ya shule hapa Marekani. Wanaoniuliza maswali haya ni watu wa kila namna: mama wa Kikongo aliyepokelewa kama mkimbizi na ambaye mikono yake ilishazoea kukanda wazazi waliojifungua, kijana aliyebahatika kupata Green Card, dada aliye bado nyumbani anayetafuta viza ya masomo. Wengi huja kwangu wakiwa wameshalipa karo, na hilo ndilo linaloniumiza. Ukisoma ukurasa huu kabla ya kutoa hata senti moja, nitakuwa nimetimiza nilichokusudia.

Leseni na ithibati si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea pesa zao.

Leseni ni ya kwako wewe, mtu binafsi. Inatolewa na jimbo, na ndiyo inayokuruhusu kumgusa mteja na kulipwa. Ithibati ni ya shule. Inatolewa na chombo cha nje kilichokagua walimu, mtaala, hesabu za fedha na idadi ya wanafunzi wanaomaliza. Shule inaweza kuwa na ithibati na wewe usipate leseni, kwa sababu umefeli mtihani au saa zako hazikutimia. Kinyume chake pia hutokea: shule haina ithibati yoyote, lakini wahitimu wake wanapata leseni bila shida, kwa kuwa jimbo limeikubali.

Kwa hiyo kuna kitu cha tatu kinachokaa katikati, nacho hakitajwi sana kwenye matangazo: kibali cha jimbo kwa shule. Kwa mtu anayetafuta leseni, hicho ndicho cha kwanza kuuliza. Shule isiyo na kibali cha bodi ya jimbo inakufundisha kwa faida ya moyo wako tu, maana saa zake hazitahesabiwa.

Halafu kuna cheti cha kumaliza kozi, kile cha kutundika ukutani. Kizuri, lakini peke yake hakifungui mlango wa kazi.

Kuna leseni moja inayotumika nchi nzima?

Haipo. Serikali kuu ya Marekani haitoi leseni ya masaji wala ya urembo wa ngozi. Kila jimbo lina bodi au idara yake, na kila moja ina saa zake, ada zake na jina lake la kazi hiyo hiyo. Texas, kwa mfano, fani zote mbili ziko chini ya idara moja inayoitwa Texas Department of Licensing and Regulation. Kwingine masaji iko chini ya wizara ya afya, na urembo wa ngozi uko pamoja na wasusi na vinyozi.

Majimbo mengi yanadai leseni ya masaji. Machache, kama Kansas na Wyoming, hayana leseni ya jimbo, ila mji au kaunti inaweza kuwa na sheria yake, kwa hiyo usikimbilie kusema huko ni huru. California ina utaratibu wa peke yake: cheti cha hiari kutoka California Massage Therapy Council, kwa saa 500 za masomo. Kinaitwa cha hiari, lakini miji mingi ya huko haikupi nafasi ya kufanya kazi bila hicho.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia simu ni moja: utaishi wapi ukimaliza? Si unasoma wapi. Utaishi wapi.

Masomo ni saa ngapi?

Kwa masaji, majimbo mengi yanaanzia saa 500 na kupanda. Texas na Florida ni 500. New York ni 1,000, mara mbili kamili.

Tuchukue Texas tuone zile 500 zinakwenda wapi. Saa 200 ni mbinu zenyewe za masaji. Anatomia 50, fiziolojia 25, kinesiolojia (jinsi mwili unavyosogea) 50, patholojia (magonjwa) 40. Matibabu ya maji 20. Sheria, biashara na maadili 45. Usafi, afya na huduma ya kwanza 20. Zinazobaki, 50, ni mazoezi kwa wateja halisi chini ya msimamizi. Nazitaja zote kwa sababu wengi hudhani watakuwa wanakanda tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nusu ya kozi utakuwa umekaa kitini na daftari.

Kwa urembo wa ngozi tofauti ni kubwa zaidi. Florida, ambako leseni hiyo ni ya mtaalamu wa uso, ni saa 220. California na New York ni 600. Texas 750. Georgia na Alabama 1,000. Virginia na Utah zina ngazi mbili: ya msingi saa 600, na ya juu inayofikisha jumla 1,200.

Na saa hapa ni saa kwelikweli, dakika 60 za kuhudhuria. Shuleni kwetu mwanafunzi anaweka kidole kwenye mashine akiingia na akitoka. Nakumbuka mwanafunzi mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekuwa anachelewa dakika 20 kila asubuhi kwa sababu ya basi la shule la mtoto wake mdogo. Dakika 20 si kitu, alisema. Mwisho wa kozi mashine ilionyesha anadaiwa saa 31. Ilimbidi arudi wiki nzima wenzake wakiwa wameshafanya mtihani. Kama ratiba yako ya watoto haielewani na ya shule, tafuta darasa la jioni mapema. Usitegemee huruma ya mwalimu, kwa sababu mwalimu hana ruhusa ya kukupa hata robo saa.

Mtihani wa masaji ukoje?

Unaitwa MBLEx. Unasimamiwa na Federation of State Massage Therapy Boards, umoja wa bodi za majimbo ulioundwa mwaka 2005, na ndio unaotumika karibu kila jimbo lenye leseni. Una maswali 100 ya kuchagua jibu, unafanyika kwenye kompyuta kwa dakika 110, na ada yake ni dola 265. Ukifeli unasubiri siku 30, unalipa tena, unarudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wanafunzi wangu hulielewa wakiwa wameshachelewa. Wanajaza kadi za majina ya misuli na mifupa usiku kucha, wakati anatomia na fiziolojia ni asilimia 11 tu ya mtihani. Kumtathmini mteja na kupanga kipindi chake ni asilimia 17. Maadili, mipaka na sheria ni 16. Yaani mtihani unataka kujua kama unaweza kumwambia mteja mwenye mguu mmoja uliovimba, unaouma na wenye joto kwamba leo hutaugusa na aende hospitali, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda. Jina la msuli wa shavu la mguu lina alama moja. Kutoukanda mguu ule kunaokoa maisha ya mtu.

Na mtihani wa urembo wa ngozi?

Majimbo mengi yana sehemu mbili, nadharia na vitendo, na mengi hutumia mitihani ya baraza linaloitwa National-Interstate Council of State Boards of Cosmetology. California iliondoa sehemu ya vitendo kuanzia Januari 2022. Florida haina mtihani wa jimbo kwa mtaalamu wa uso. Ukimaliza masomo kwenye shule iliyokubaliwa unaomba usajili.

Sehemu ya vitendo huwatisha watu bila sababu. Msimamizi hajali sana kama mteja wako ametoka ana ngozi inayong'aa. Anaangalia usafi. Umenawa mikono kabla ya kugusa chochote? Mifuko yako ina maandishi, wa taka na wa vifaa vya kutakaswa? Kijiti cha waksi kikishagusa ngozi hakirudi kwenye chungu, kinatupwa, unachukua kingine. Kifaa kikianguka chini usijifanye hukukiona wala usikifute kwa kitambaa: kiokote, kiweke kwenye mfuko wa vifaa vya kutakaswa, safisha mikono, chukua kingine, endelea. Nimeona msichana ambaye brashi ilimponyoka mkononi mara mbili akafaulu, kwa sababu mara zote mbili alifuata utaratibu bila kutetemeka. Mwenzake wa meza ya pili alifanya kazi ya kupendeza kweli, ila alichovya kijiti mara mbili.

Kiingereza changu bado hakijakaa sawa. Naweza kufanya mtihani kwa Kiswahili?

MBLEx inatolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Mitihani ya urembo ina lugha zaidi katika baadhi ya majimbo. California, kwa mfano, ina Kivietinamu na Kikorea, lakini kwa Kiswahili usitegemee.

Ushauri wangu: usingoje Kiingereza kiwe kizuri kwa kila kitu. Kiingereza cha mtihani ni kidogo na kinajirudia. Majina ya mwili ni Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo hata Mmarekani aliyezaliwa hapa anayakariri kama wewe. Kinachowaangusha Waswahili ni maneno madogo ya swali: "isipokuwa", "kwanza", "inayofaa zaidi". Soma swali mara mbili, tafuta neno hilo dogo, ndipo uangalie majibu. Maktaba za umma na mashirika ya wakimbizi yana madarasa ya Kiingereza bila malipo. Anza huko miezi michache kabla ya shule.

Nani anatoa ithibati, na nitajuaje kama ni ya kweli?

Katika fani hizi utakutana zaidi na majina mawili. COMTA ni tume iliyoanzia kwenye masaji, na sasa inakagua pia programu za urembo wa ngozi. NACCAS ni tume ya shule za urembo, na chini yake ndiko ziliko shule nyingi za ususi, ngozi na kucha. Zipo tume nyingine za jumla za vyuo vya ufundi na afya, kama ACCSC na ABHES. Vyuo vya jamii (community colleges) vinavyofundisha masaji huwa na ithibati ya chuo kizima.

Neno "ithibati" peke yake halitoshi. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni, akaiita tume, akaanza kugawa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu. La muhimu ni kama tume yenyewe inatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Wizara ina hifadhidata ya bure inayoitwa DAPIP. Andika jina la shule, angalia tume iliyotajwa, angalia tarehe, na angalia anwani ya tawi. Tawi la mji mmoja linaweza kuwa na ithibati na la mji wa jirani likakosa.

Utambuzi huo nao huweza kuondolewa. Mwaka 2022 Wizara iliacha kuitambua ACICS, tume iliyokuwa imekagua mamia ya vyuo vya biashara. Shule zilizokuwa chini yake zililazimika kutafuta tume nyingine au kupoteza fedha za serikali. Kwa hiyo ukikuta shule imeandika "tumeomba ithibati" au "tuko mbioni kupata", hesabu kwamba haina.

Ukimaliza DAPIP, nenda kwenye tovuti ya bodi ya jimbo utafute orodha ya shule zilizokubaliwa. Kisha piga simu bodi. Ndiyo, piga. Uliza: "Nikimaliza kozi hii, kwenye shule hii, naruhusiwa kufanya mtihani?" Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Simu hiyo ya dakika kumi ina thamani kuliko ziara nzima ya kutembezwa shuleni na ofisa wa udahili.

Shule haina ithibati ila jimbo limeikubali. Nisome?

Inawezekana, na wakati mwingine ni uamuzi mzuri. Kama unalipa mfukoni mwako, karo ni nafuu, na huna mpango wa kuhama jimbo, shule ndogo yenye kibali cha jimbo na mwalimu mwenye mikono inayojua kazi inakutosha. Baadhi ya wenzangu bora kazini wametoka kwenye shule za namna hiyo, vyumba viwili na meza sita.

Utakachokosa ni msaada wa karo wa serikali kuu, na huenda ukasumbuka kuhamisha saa zako kwenda shule nyingine au jimbo lingine. Kama mojawapo ya hayo ni la lazima kwako, tafuta yenye ithibati.

Naweza kupata msaada wa karo?

Ukiwa raia, una Green Card, au umepokelewa kama mkimbizi au umepewa hifadhi, unaweza kujaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa karo wa serikali kuu. Wakimbizi wengi hawajui kwamba wanastahili, wanadhani lazima wasubiri uraia. Si kweli, msingojee.

Shule lazima iwe na ithibati inayotambuliwa, na kozi iwe na urefu unaokubalika. Kwa ruzuku ya Pell, ambayo huirudishi, kanuni ya miaka mingi imekuwa angalau saa 600 na wiki 15. Kozi za saa 300 hadi 599 zilipata mikopo tu, kwa masharti magumu. Ndiyo sababu utaona shule nyingi zinafundisha masaji kwa saa 600 wakati jimbo linadai 500: zile 100 za juu zinaifanya kozi iingie kwenye Pell. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imefungua Pell kwa kozi fupi za saa 150 hadi 599 kuanzia tarehe 1 Julai 2026, lakini si kila kozi itaingia. Zinachujwa kwa viwango vya kumaliza na kupata kazi. Uliza shule ikuonyeshe kwa maandishi kama kozi yako imo.

Kuwa mwangalifu na mikopo. Ofisa wa shule akikuwekea karatasi usaini kwa haraka, muulize mstari kwa mstari: hii ni ruzuku au ni deni? Nimeona watu waliodhani wamesomeshwa bure wakaanza kupata barua za deni miezi sita baada ya kumaliza.

Sina cheti cha sekondari, nilikiacha pamoja na kila kitu nilipokimbia vita. Nifanyeje?

Pole sana. Hauko peke yako, na njia ipo.

Kwa msaada wa karo unahitaji cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na GED, mtihani unaokupa cheti kinacholingana na cha sekondari, ni njia halali. Madarasa yake ya maandalizi hupatikana kwenye vyuo vya jamii na mara nyingi ni bure. Kwa leseni, majimbo yanatofautiana, kwa hiyo uliza bodi.

Usichopaswa kukubali ni mtu wa shule kukwambia "usijali, sisi tutakutafutia cheti". Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilikata fedha kwa matawi 23 ya Marinello Schools of Beauty, na moja ya tuhuma ilikuwa kuandikisha wanafunzi kwa vyeti vya sekondari visivyo halali. Mtandao mzima ulifungwa mwezi huo huo wa Februari, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Mikopo ya watu 28,000 hivi, dola milioni 238, ilifutwa mwaka 2022. Miaka sita ya kubeba deni la masomo ambayo wengine hawakuyamaliza.

Niko nyumbani bado. Naweza kuja kusoma masaji kwa viza?

Unaweza, ila elewa viza yenyewe. Shule za ufundi kwa kawaida ni viza ya M-1, siyo F-1 ya vyuo vikuu. Shule iwe imeidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni ndipo itakupa fomu ya I-20 ya kuombea viza. Si kila shule yenye kibali cha jimbo na ithibati ina idhini hiyo. Hicho ni kibali kingine kabisa.

Ukiwa na M-1 huruhusiwi kufanya kazi wakati wa masomo, na huwezi kubadili kuwa F-1 ukiwa ndani ya nchi. Ukimaliza unaweza kuomba ruhusa ya kazi ya mafunzo: mwezi mmoja kwa kila miezi minne uliyosoma, isizidi miezi sita. Basi. Anayekuahidi kwamba masaji itakupa makazi ya kudumu anakuuzia ndoto. Fanya hesabu ya karo, nauli na kodi ya nyumba, kisha ujiulize kama ujuzi huo hauwezi kupatikana karibu na kwenu.

Leseni nayo haikupi haki ya kufanya kazi nchini. Ni karatasi mbili tofauti. California hainyimi mtu leseni kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, lakini mwajiri bado atadai kibali cha kazi.

Nilisomea nyumbani na nina uzoefu wa miaka kumi. Vinahesabika?

Uzoefu peke yake, mara nyingi hapana. Masomo, huenda, kama yameandikwa kwa saa. Hapo ndipo vyeti vyetu vinapokwama: vinasema "amefaulu kozi ya miezi sita" bila kueleza anatomia ilikuwa saa ngapi. Kabla hujasafiri, rudi kwenye chuo chako uombe barua rasmi yenye masomo yote na saa za kila somo, iliyopigwa muhuri. Ukifika, bodi itakutaka upeleke nyaraka kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, kwa kawaida mwanachama wa umoja uitwao NACES. Baadhi ya shule zitakubali sehemu ya saa na kukupunguzia kozi.

Naweza kusoma yote mtandaoni?

Hapana. Nadharia kiasi fulani, kulingana na jimbo. Mikono haifundishwi kwa skrini. Tangazo linalosema "leseni ya masaji mtandaoni kwa wiki mbili" lipite.

Nikianza kuwahudumia watu nyumbani kimya kimya huku nasubiri leseni?

Tafadhali usifanye hivyo. Katika majimbo mengi ni kosa la jinai, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kosa dogo linaweza kugeuka kuwa kubwa. Bodi nayo ikigundua inaweza kukunyima leseni uliyokuwa unaingojea. Bima haitakulipia mteja akiungua kwa waksi.

Masaji ina mzigo wa ziada. Wasafirishaji haramu wa binadamu hujificha nyuma ya milango yenye kibao cha masaji, na ndiyo maana bodi nyingi zinadai alama za vidole na kuchunguza historia ya mwombaji, na kuna watu wanaouza transkripti (rekodi za masomo na saa) za uongo kwa wahalifu hao. Ukiambiwa "lipa tu, tutakuandikia saa", ondoka hapo haraka. Jina lako litakaa kwenye rekodi za shule hiyo siku itakapovamiwa.

Nina kesi ya zamani. Nikate tamaa?

Si lazima. Majimbo kadhaa yanaruhusu kuomba tathmini ya rekodi kabla ya kuanza shule. Ombeni hiyo kwanza. Na kwenye fomu sema ukweli, maana kuficha huhesabiwa kosa jipya.

Leseni ya ngozi inaniruhusu kufanya masaji, na ya masaji kusafisha uso?

Mtaalamu wa ngozi anaweza kukanda uso, shingo, mabega na mikono kama sehemu ya huduma ya uso. Masaji ya mwili mzima si yake. Mtu wa masaji naye hakamui chunusi wala hapaki waksi. Wanaotaka vyote viwili husoma vyote viwili, na shule nyingine hupunguza saa zinazojirudia kama za usafi na anatomia.

Jihadhari na kozi za "mtaalamu wa ngozi wa kitabibu". Bodi ya California inasema wazi kwamba haina leseni ya jina hilo. Kufanya kazi kwenye kliniki ya daktari wa ngozi ni kazi nzuri, lakini leseni inabaki ile ile. Botoksi na sindano za kujaza ngozi si zetu hata daktari akiwa chumba cha pili. Leza na sindano ndogondogo za ngozi zinategemea jimbo. Uliza kabla ya kununua mashine.

Nikihama jimbo?

Leseni yako haihami nawe. Unaomba upya, na jimbo jipya linalinganisha saa. Ukitoka Texas na 500 kwenda New York, pengo ni la nusu ya masomo. Upo mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni za masaji, Nevada ikiwa ya kwanza kuupitisha mwaka 2023, na ulihitaji majimbo saba ili uanze kazi. Unadai angalau saa 625. Kwa hiyo kama unachagua kati ya kozi ya 500 na ya 625 na tofauti ya karo si kubwa, mimi ningechukua ya pili.

Leseni inahuishwaje?

Mara nyingi kila baada ya miaka miwili, pamoja na masomo ya nyongeza. Kwa masaji, Texas ni saa 12 na Florida ni 24. Weka tarehe kwenye simu. Bodi inataka ujulishe ukibadilisha anwani, na barua iliyopotea si sababu inayokubalika. Ukifungua chumba chako mwenyewe, chumba nacho huenda kikahitaji leseni yake.

Shule niliyosoma imefungwa. Transkripti nitaipata wapi?

Anza na idara ya jimbo inayosimamia shule za ufundi. Shule ikifungwa, rekodi zake kwa kawaida hupelekwa huko au kwa shule nyingine iliyopewa dhamana. Wakati mwingine rekodi hufika pungufu. Rafiki yangu alikaa miezi minne akitafuta saa 80 za klinika ambazo shule yake haikuziwasilisha. Zilizomwokoa ni picha alizokuwa akipiga kila Ijumaa za karatasi yake ya saa, ikiwa na sahihi ya msimamizi chini. Alizichapisha zote, kurasa 26, akazipeleka bodi. Piga picha karatasi yako Ijumaa hii.